Sale la Eliufoo

Umewahi kuuona moyo wa mtu ukichorwa kwenye skrini, kilele baada ya kilele, kama Kibo na Mawenzi vikichungulia mawinguni?

Aikaeli aliuona asubuhi moja wodini, mjini Moshi, akasahau hata uchovu wa njia ya kutoka Kirua. Moyo wenyewe ulikuwa wa Eliufoo, mwongoza watalii, mchumba wake aliyemwandikia mwezi uliopita: "Usinisubiri. Nimepata mwingine."

Jana yake Goodness, dada yake Eliufoo, alikuwa amempigia simu.

"Wifi, njoo hospitali!"

"Wifi yako si huyo mwingine?"

"Mwingine yupi, jamani! Ni moyo, Aika. Unapoteza mapigo, akakuficha. Leo ameanguka hapa hapa kliniki, moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Wamempiga umeme mara mbili ndipo akarudi."

Aikaeli hakulia. Alfajiri alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, umande ukidondoka migombani, akachuma jani la sale, akalipiga fundo kama wafanyavyo wazee wakienda kuombana msamaha. Akalifunika kwa kitenge.

Sasa Eliufoo alifumbua macho polepole.

"Aika? Nilikuwa kwenye ukungu, juu kabisa. Nikasikia unaniita."

"Sikukuita. Nilikuwa nakutukana."

Akacheka, akashika kifua.

"Usinichekeshe, mama. Kesho wananiwekea kifaa hapa chini ya ngozi. Moyo ukipotea njia tena, kinaushtua."

Aikaeli akafunua kitenge. Eliufoo akaliona lile jani, uso ukamsawijika.

"Sale? Mwenye kosa ni mimi. Mbona umeleta wewe?"

"Nani kakuambia ni langu? Ni lako hilo. Nimekuchumia tu, maana kitandani huwezi kushuka." Akamtilia mkononi. "Haya, niombe."

Vilele kwenye skrini vikaanza kubanana.

"Taratibu, kaka," muuguzi akaonya kutoka mlangoni.

"Nilikudanganya," Eliufoo akasema. "Sikutaka uwe mjane ungali kijana."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Dirishani wingu lilipasuka, theluji ikang'aa kidogo, ikajificha tena. Eliufoo akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Aika."

Akalipokea, akaliweka kifuani. Sale halikataliwi.

"Sasa sema ulichotaka kuandika siku ile."

Eliufoo akavuta pumzi. Vilele vikatulia, kimoja kimoja.

"Nataka nizeeke na wewe."