Shairi la Sufuria Mbili

Kitendawili! Ninaye mtoto apitaye langoni bila kibali, na akishatoka sina kamba ya kumrudishia. Ni nani? Msinitazame mimi, fikirini. Osob, binti wa miaka kumi na miwili, alitegewa hicho na nyanya yake Rukiyo asubuhi moja ya mwaka 1966. Akashindwa, akajitwika kibuyu cha maziwa, akaenda zake.

Miaka hiyo ya vita vya shifta, waasi wenye bunduki waliojificha porini, kijiji chao karibu na Modogashe kilizungushiwa ua wa miiba, na aliyetaka kutoka aliomba kibali kwa askari. Mifugo ilibaki ya kuhesabika. Kwa hiyo nyumba ya Osob na nyumba ya Hinda, mwanafunzi mwenzake, zilichanganya maziwa katika kibuyu kimoja na kuyauza kwa Maryan, mwenye hoteli ya chai. Osob alibeba nusu ya njia, Hinda nusu.

Siku hiyo Maryan alionja, akatema.

"Haya ni maji yaliyoota kuwa maziwa! Nani ameyatia?"

"Osob," Hinda akadakia.

"Mimi? Wallahi, mama Maryan..."

"Nyamaza! Maziwa ya kwenu nisiyaone tena hapa."

Jioni kwao Osob walikunywa chai bila sukari, maana fedha ya maziwa haikupatikana. "Hinda atanitambua," akasema.

Kwa watu wake, aliyeonewa hapigi ngumi, hutunga shairi. Wakubwa hutunga kwa Kisomali. Osob akataka kijiji kizima kicheke, hata askari waliotoka bara, basi akatunga kwa Kiswahili cha Mwalimu Lazarus:

*Hinda ana domo refu, la kuonja kila chungu,*
*Akipewa nyama pafu, hulia hili si fungu,*
*Kwao sufuria mbili, moja yaenda uvungu,*
*Kajificha mwenye njaa, na bunduki na marungu!*

Mistari miwili ya mwisho alijua ni uongo. Lakini iliuma vizuri, akaiacha. Kufikia adhuhuri kesho yake watoto waliiimba kisimani wakijipigia madebe. Hinda alipita amejifunika uso kwa ushungi. Osob akaona raha, raha tupu, kama mtu ajikunaye upele.

Siku ya tatu Munyao, askari wa lango, alisikia wimbo. Angeimbiwa kwa Kisomali, angepita akipiga mluzi. Lakini Kiswahili alikielewa neno kwa neno.

Osob alipotoka shuleni alimkuta Nunow, baba yake Hinda, ameketishwa mchangani kando ya lori.

"Mzee, nimekwenda kwako, nimekuta sufuria mbili," Munyao alisema. "Ya pili unampikia nani?"

"Moja ya chakula, moja ya maziwa. Mimi sifichi mtu, bwana askari. Wallahi bilahi!"

"Utawaeleza wakubwa Garissa. Lori linaondoka sasa hivi."

Hinda alikuwa ameshikilia mkono wa baba yake kwa mikono yote miwili. Osob akakimbia nyumbani kwa nyanya yake.

"Ayeyo! Nimejua jibu! Yule mtoto ni neno! Nitalirudishaje?"

Rukiyo hakumkumbatia. Alichukua bakora yake. "Kamba huna. Lakini shairi hufutwa kwa shairi, mbele ya wale wale waliolisikia. Umetaka wacheke? Twende ukachekwe."

Langoni watu walikuwa wamejaa, Maryan naye, na wanafunzi wote. Osob akasimama mbele yao. Akapaza sauti:

*Ni mimi mtunga sumu, hasira yangu ni moto,*
*Uvunguni kwa Nunow, mna paka na kitoto,*
*Bunduki niliibuni, nikaipamba kwa ndoto,*
*Domo refu si la Hinda, ni langu mimi mtoto!*

Kicheko kikampiga kama mawe. "Domo refu! Domo refu!" watoto wakaimba. Osob hakuinamisha kichwa.

 Munyao akainua mkono wake uliokwaruzwa mistari mitatu myekundu. "Paka ni kweli. Nilipoinama kuchungulia uvungu, alinikaribisha hivi." Akamgeukia dereva. "Nenda, huyu mzee anabaki. Wewe binti, ungetufanya tumpoteze mtu kwa ajili ya vina!"

Nunow akainuka, akajikung'uta mchanga.

"Ayeyo, lakini mimi ndiye niliyeonewa," Osob alinong'ona huku machozi yakimtoka.

"Ulionewa, najua," Rukiyo alisema kwa sauti, wote wasikie. "Ulikuwa na haki mkononi. Ulipoilipizia kwa uongo, haki ikakuhama, ikaenda kukaa kwa adui yako. Mcheke mtu kwa kosa lake, atajirekebisha. Mcheke kwa kosa ulilomtungia, umemwua. Leo umesema kweli iliyokuumiza mwenyewe. Haki imerudi nyumbani."

Maryan akajipenyeza mbele, mikono kiunoni. "Hayo ya bunduki yamekwisha. Langu je? Juzi nilimfukuza huyu bila kumsikiliza; leo nauliza: nani alitia maji?"

Kijiji kizima kilikuwapo pale. Paka tu ndiye asiyekuwapo. Hinda akauachia mkono wa baba yake, akasogea mpaka akasimama karibu na Osob.

"Nilikunywa njiani, zamu yangu," akasema. "Kisha nikajazia kisimani. Ni mimi."