Neno Bila Mfano

Siku ya soko mjini Kitale, mwanamke aliyevaa gauni la kijani alijikwaa, na furushi lake la mitumba likaangukia meza ya Wabwile, fundi wa baiskeli. Spana zikatawanyika.

"Fundi, si unisaidie badala ya kunikodolea macho!"

"Nalikodolea gauni, mama. Uzuri wake umenishinda."

Akacheka. Aliitwa Wakonyo. Jioni hiyohiyo wakakutana tena, dawati moja, katika darasa la watu wazima kanisani Kibomet. Tangu hapo wakawa hawaachani.

Muhula ule Mwalimu Phelista alifundisha maneno ya Kiingereza ya tabia na hisia. Kila mwanafunzi aliokota kadi, akasoma neno, akatoa mfano wa kweli wa maisha yake. Neno bila mfano hakulikubali. Wakonyo aliokota "patient", yaani mvumilivu, akaeleza jinsi anavyomngoja Wabwile kila jioni afunge kibanda ndipo waje pamoja. Darasa likapiga makofi. Wabwile, mwanamume mzima, akaona haya hadi masikioni.

Kadi yake ikawa "afraid", mwenye hofu.

"Mimi? Siogopi kitu," akajigamba. "Sina mtu wa kumpoteza."

Watu walicheka. Wakonyo hakucheka. Juma lililofuata Wabwile alikaa peke yake dawatini. Mwenzake alikuwa amehamia Bungoma kwa dadake, kuuza nguo huko.

Akampigia simu.

"Wakonyo, rudi bana."

"Nirudi kwa nani? Si ulisema huna mtu?"

Simu ikakatwa.

Jumamosi Wabwile alivaa koti lake la kuhudhuria harusi za wengine, akang'arisha viatu, akashuka Bungoma. Alimkuta sokoni, kitambaa cha manjano kichwani, akinadi sketi.

"Umepotea njia, fundi?"

"Nimeleta mfano."

Wateja wakageuka. Wabwile akavua kofia.

"I am afraid," akasema kwa sauti ya darasani. "Nikifungua kibanda, naogopa. Nikila, naogopa. Naogopa utapata fundi mwingine."

"Ati mwingine! Na majigambo kama yako atayatoa wapi?"

"Nikuoe, Wakonyo. Tafadhali."

Wakonyo alikunja sketi polepole, akaikunjua, akaikunja tena. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mwalimu akikuuliza neno langu, mwambie bado ni lile la kwanza, 'patient'," akasema. "Lakini fanya haraka, mpenzi. Linakaribia kuniishia."