Chiriku Ataka Chumba cha Historia

Kila asubuhi Chiriku alisimama mbele ya kioo cha kabati, mkono mmoja ukipiga mswaki, mwingine ukipunga kama wa kiongozi anayeahidi barabara. Msichana huyu wa darasa la saba alikuwa na mdomo ambao, inasemekana, uliwahi kumshawishi jogoo atage. Yai halikutoka, lakini jogoo alijaribu.

Aliongoza Chama cha Wasemaji, na vyama vingine aliviona takataka. Watunga mashairi aliwaita wahesabu silabi. Wanahistoria, wafuta vumbi. Masomo yote, alidai, ni vibarua wa ulimi.

Siku ile mwalimu mkuu aliitisha mdahalo: je, wasemaji wapewe chumba cha historia? Chiriku akishinda, madaftari ya zamani yangehamia stoo ya majembe, kwa panya.

Chiriku akapanda jukwaani. Akashusha sauti, akaipandisha, akanyamaza penye kunyamaza. Hata mpishi wa shule aliacha mwiko, akaja dirishani. Kisha akamalizia kwa kubetua midomo: "Nionyesheni mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kusaidiwa na makaratasi haya."

Makofi yakalia kama mvua juu ya mabati.

Akainuka Miwani, katibu wa historia, mvulana mwenye sauti ya mbu. Wasemaji wakaguna. Alifungua kitabu cha wageni cha chumba hicho, akasoma bila kuinua uso: mwezi wa pili alikuja muuguzi aliyepoteza cheti cha shule, kazi yake ikiwa mashakani. Jina lake likapatikana katika rejista ya zamani, akaandikiwa barua, kazi ikapona.

"Alisaini hapa," alisema Miwani. "Ni mama yako."

 Chiriku aliyakumbuka majuma yale mama alipokuwa akila matonge mawili na kusema ameshiba. Hakuwahi kumuuliza kulikoni.

Akaomba kusema tena, safari hii mikono ikiwa chini. "Niliyosema si kweli. Sikuchunguza. Chumba kibaki chao."

Mwalimu mkuu akaamua hivyo hivyo. Mwalimu wa Kiswahili, mlezi wa wasemaji, mtu asiyesifu ovyo, akamwita Chiriku kando.

"Umesema vizuri sana, mwanangu, jambo usilolijua. Hata kengele hupiga kelele hivyo. Historia ndiyo inayokupa chakula, mantiki inakionja kama kimeiva, ushairi unakitia chumvi. Kazi ya ulimi ni kupakua tu. Ukiwafukuza jikoni hao wote, utawapakulia watu nini? Uongozi nakuachia. Ila kuanzia Jumatatu, hupandi jukwaani kabla Miwani hajaikagua hotuba yako."