Tongotongo za Mama Mkwe

Jumamosi ile Verna Hruska, jirani yetu wa Cedar Rapids, aliamka na furaha zake. Jua la Mei lilikuwa limechomoza, mumewe Eldon alikuwa akikata nyasi nje, na unga wa kolache, vimkate vitamu vya Kicheki, ulikuwa umeumuka vizuri. Kitu kimoja tu kilimchafua roho: runinga ya marehemu mama mkwe wake.

Mtaa mzima ulikwishahamia runinga mpya za rangi, zenye vioo vya pembe nne. Yao nayo ilikuwa ya rangi, lakini ya zamani, kioo cha mviringo kama sinia, na viwanda vilikuwa vikiacha kuvitengeneza vioo vya namna hiyo. Bibi Bozena, mama mkwe huyo, alifia mbele yake majira ya baridi, pua ikigusa kioo, maana alikuwa na mtoto wa jicho na haoni mbali. Kila asubuhi alikuwa akimwomba Verna amfute tongotongo kwa maji ya uvuguvugu. Verna alimfuta mara moja tu. Aliona ule ute wa njano ukivutika kati ya kope na kitambaa, akakimbilia chooni kutapika. Tangu hapo akajifanya hasikii. Ajuza wa watu akafa kope zimegandana.

Sasa runinga nayo ilikuwa imeota madoa. Meupe, yenye manyoya kama mkate uliovunda, yameanzia ukingoni na yanatambaa kuelekea katikati.

"Itupwe, Eldon. Inanitia kinyaa."

"Umtupe mama yangu?"

"Nimesema runinga. Nani kamtaja mama?"

"Kwangu mimi ni kitu kilekile. Lumir anakuja kuitazama."

Lumir Zak, fundi na rafiki wa Eldon tangu utotoni, aliinama mbele ya kioo akacheka. "Hii ina mtoto wa jicho, shemeji. Hizi za mviringo zinaugua sana. Humu mna vioo viwili vimegandishwa kwa gundi tangu kiwandani, na gundi inaoza. Tutabandua cha mbele, tukwangue, ataona tena."

"Nani ataona?"

"Picha, shemeji. Nimesema picha itaonekana."

Waliitoa chupa ya picha, lile tumbo la runinga lenye kioo, wakailaza gerejini juu ya blanketi, uso juu. Eldon akaenda dukani kutafuta tapentaini. Lumir alikipasha kioo moto kwa taa, akapenyeza waya mwembamba ukingoni. Verna alishika beseni huku kageuza uso.

Gundi ikaanza kutoka.

Ilitoka polepole, nzito, ya njano, kama usaha wa jipu lililoiva. Ikadondokea besenini. Harufu ikapanda: kafuri, sufu mbichi, kinywa cha asubuhi. Verna aliijua harufu ile. Aliishi nayo nyumba moja.

Lumir akaacha kuvuta waya. Kwenye gundi palikuwa na ukope. Mweupe. Kisha mwingine. Kisha safu nzima.

"Humu haipiti hata hewa," alinong'ona.

Kioo cha mbele kikabanduka chenyewe. Chini yake ute ulikuwa umetanda kote, na katikati ulikuwa ukitetemeka. Lumir akapiga ishara ya msalaba. Akaweka waya chini. Akatoka, asigeuke nyuma.

Verna alitaka kumfuata. Akaweka beseni chini.

"Verna."

Sauti ilitoka chini, kwenye blanketi.

"Nifute, mwanangu."

"Siwezi, mama. Nitatapika."

"Tapika. Kisha nifute."

Akatapika, palepale sakafuni. Kisha akapiga magoti. Kitambaa hakukiona, akafuta kwa kiganja kitupu. Ute ulikuwa na joto. Ulimwingia chini ya kucha. Ulivutika kila alipoinua mkono. Alifuta huku akilia, mpaka kioo kikabaki safi, na mtu asiyeonekana akashusha pumzi ndefu.

Eldon alifurahi mno. Alisema tangu iliponunuliwa runinga ile haijapata kuonyesha rangi nzuri namna hii. Lumir alikuwa amerudi kesho yake, akakibandika kioo na kuirudisha runinga mahali pake, na hakugusa tena runinga ya mviringo maishani mwake. Miaka miwili baadaye ikazimika moja kwa moja, Eldon akaipeleka jalalani machozi yakimlengalenga.

Ila kiganja cha Verna hakikupona. Katikati pana doa jeupe, bichi, lisiloota ngozi. Daktari alisema ni fangasi, akampa dawa ya kupaka. Haikusaidia. Kila asubuhi doa huwa limelowa, na juu yake umelala ukope mmoja mweupe. Verna huuchoma jikoni kabla mumewe hajaamka.

Jumapili iliyopita zilikuwa kope mbili. Moja nyeupe. Nyingine ya kahawia, kama za Eldon.

"Verna," Eldon aliita kutoka kitandani, "mbona leo hujafungua mapazia?"

Mapazia yalikuwa wazi.