Kiti Kilichotazama Ukuta

Mwenye moyo mwepesi aende zake akaanue nguo. Tuliobaki tusogee karibu, maana hii siyo ile ya jini mwenye kwato anayeomba lifti barabarani. Hiyo naweza kuitunga hata nikiwa nakoroma. Hii ilianza na sanduku la nguo.

Binti alirudi kutoka chekechea anakofundisha, akalikuta sanduku la baba yake limesimama mlangoni, limefungwa. Alipolifungua, mashati yote yalikuwa yameviringishwa kama sigara, hakuna lililokunjamana.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nani, mimi?" Mzee alilitazama sanduku kama mtu anayebambikiwa mtoto asiye wake. "Mimi sijagusa kitu, Sekunde."

Sekunde ndilo jina alilompa utotoni kwa sababu alikuwa hatulii, na duniani hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Mzee alikuwa fundi saa. Alitengeneza saa za mji mzima mpaka mikono ikaanza kutetemeka, akafunga kibanda. Hajapata pumzi, mkewe akafa. Hajamaliza kulia, nyumba yake ikapangishwa kwa mshona viatu, naye akaletwa kwa binti yake. Mtu hata ungekuwa wa chuma, hapo lazima bolti zilegee.

Ndiyo maana binti alimtafuta Mama Mahamisho. Huyu kazi yake ilikuwa kuhamisha wazee. Si mizigo, wazee. Alikuwa akienda kwenye nyumba ya zamani, anapiga picha kila pembe kwa simu yake, kisha anakipanga chumba kipya vilevile: kandambili pale pale, redio upande ule ule, ndoano ya kofia urefu ule ule. Alisema miguu ya mzee huhama baada ya mwenyewe, kwa hiyo lazima ikute njia inayoijua. Baada ya hapo alikuwa akija kila mchana kumpigisha mzee soga mpaka azoee.

Siku ya kuhamia, chumba kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja. Kiti cha mbao chenye mikono, kikubwa, cheusi.

"Kwenye picha hiki kinatazama ukuta," alisema Mama Mahamisho.

"Ni wapagazi hao walikisukuma ovyo. Kigeuze. Baba akae akitazama ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu?"

"Mimi na picha hatubishani."

"Leo bishaneni kidogo, mama yangu."

Akakigeuza. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama yako ndiye aliyekigeuzia ukutani," alisema polepole. "Aliyemo humo akitazama watu, anatamani kuwa mtu."

Wale wawili wakaangaliana kwa lile jicho tunalowatupia wazee na watoto wadogo. Wakamwekea mto kitini.

Sasa turudi kwenye sanduku. Halikukutwa mlangoni mara moja mambo yakaisha. Likakutwa tena, na tena, kila mara mchana, watu wakiwa kazini, Mama Mahamisho ameshamaliza soga na kuondoka, na mzee akiwa amejilaza. Nyumba ikaingia fitina. Binti alimshuku mumewe, fundi friji, ambaye alikuwa na mafriji mabovu yamejaa mpaka sebuleni na alikuwa na uchu na kile chumba. Fundi friji alimshuku Mama Mahamisho.

"Mtu anayeishi kwa kuhamisha wazee, si lazima wahame?" alisema. "Leo amemleta, kesho anampangia safari nyingine. Biashara hiyo, mke wangu."

Mama Mahamisho naye alimshuku binti kimyakimya, maana aliwahi kuona wanaowapenda wazazi wao mbele za watu tu.

"Sikia," fundi friji akamaliza. "Kuna kile kituo cha wazee, kina bustani na wauguzi. Nikilikuta sanduku mlangoni tena, napiga simu waje wamchukue."

"Nilimwahidi mama akiwa kitandani kwamba baba hatakufa mikononi mwa wageni."

"Basi mwambie atulie."

Kutulia vipi? Mzee yule kikombe tu cha chai kilikuwa kikifika mdomoni nusu, nusu kifuani. Mikono ile iviringishe mashati kama sigara? Hilo binti aliliwaza usiku kucha, na kesho yake akawaacha watoto wa chekechea na mwenzake, akarudi mapema kumvizia mwizi.

Nyumba ilikuwa kimya. Ukumbini kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa sasa hivi, na jua nje lilikuwa linachoma. Akavua viatu. Akasikia kiti kikilia kwaa, taratibu, kama kinavyolia mtu mzito akiinuka, akasogea mpaka kwenye upenyo wa mlango wa baba yake, akamwona mzee amesimama kando ya kitanda, macho yamefumba kabisa, anaviringisha shati kwa mikono iliyotulia kama mikono ya kijana, anapitisha kidole kwenye kola, analiweka sandukuni, anachukua jingine, na wakati huohuo, kutoka kwenye kile kiti ambacho hakikuwa na mtu, ulipokuwa umebonyea ule mto kama umekaliwa, ikatoka sauti ya baba yake, ndogo, ya kuomba: "Sekunde, ni wewe? Mbona siioni mikono yangu?"

Alipiga kelele mpaka mafriji yakaitika. Mzee akaanguka kitandani, akaamka anatetemeka, hajui lolote.

Mganga aliyeletwa hakuja na ngoma wala kuku. Alikuja na mwavuli, bibi mfupi, mkavu, anayeuza mkaa siku nyingine. Alikizunguka kiti, akakinusa, akawatoa wote nje.

"Anajaribu," alinong'ona. "Anamvaa mzee kama nyinyi mnavyojaribu kiatu dukani. Leo kidogo, kesho kidogo. Kikimkaa sawasawa, anavaa moja kwa moja, anashika sanduku na kuondoka."

"Na baba?"

"Atakaa panapobaki wazi." Akakielekezea kiti kidole. "Kirudisheni kule kilikotoka, kitazame ukuta. Lakini kisinyanyuliwe mpaka mzee akuite lile jina analokuita yeye tu. Sauti jini ataiga, kikohozi ataiga. Jina mtu alilopewa kwa mapenzi halimtoki mdomoni. Umesikia, mwanangu?"

Alisikia vizuri sana. Kumbukeni hilo.

Kesho yake mchana wakamkalisha mzee kwenye kiti. Mganga akafungua mwavuli juu ya kichwa chake, akaanza kunong'ona maneno ambayo hata mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, siwezi kuyarudia. Harufu ya udongo ikapanda. Mzee akalegea, kichwa kikaanguka, vidole vikawa vinatetemeka, vinatulia, vinatetemeka, vinatulia. Nje, dereva wa pikapu iliyokodiwa kubebea kiti alikuwa anapiga honi kama anasindikiza harusi. Fundi friji alikuwa ameshakunja mikono ya shati, simu yenye namba ya kituo cha wazee iko tayari mfukoni.

"Baba," binti aliita. "Baba, mimi nani?"

Mzee akafumbua macho. Akasimama bila kushikwa. "Niko hapa," alisema. "Nimechoka na hicho kiti. Kiondoeni."

"Amekuita?" mganga aliuliza kutoka nyuma ya mwavuli. "Umelisikia?"

Honi ikalia. Binti alimtazama mumewe, akautazama mfuko wenye simu, akamtazama baba yake aliyesimama wima.

"Ameniita," alisema.

Fundi friji akajitupia kiti begani, akayumba. "Hiki kitu kina nini? Kizito kama friji yenye nyama!" Wakakipeleka kwenye stoo ya nyumba ya zamani, wakakigeuzia ukutani, wakafunga.

Raha ikarudi. Sanduku halikutoka tena uvunguni. Mzee alikula, akacheka vichekesho vya mkwewe, jambo ambalo lingetosha kumshtua yeyote anayevijua vichekesho vile. Chai haikumwagika hata tone. Fundi friji akafuta namba ya kituo. "Si unaona? Jini lilikuwa linamtetemesha!"

Mama Mahamisho peke yake ndiye aliyenuna. "Anajigonga," alimwambia binti pembeni. "Chumba nilichompangia mimi, anajigonga kwenye kitanda kila akiamka. Redio anaitafuta upande mwingine. Mikono inaweza kupona, mama, sikatai. Lakini miguu hii haikijui chumba." Hakurudi tena.

Binti akatafuta saa ya marehemu mama yake, ile iliyosimama siku nyingi, akaiweka kwenye kiganja cha mzee. "Baba, nifungulie."

Mzee aliigeuza kwa vidole vilivyotulia. Akaigeuza tena. Akaipeleka puani, akainusa. Kisha akatabasamu, akairudisha. "Nzuri," alisema.

Jioni hiyohiyo simu ya binti ikalia. Alikuwa mshona viatu, ananong'ona.

"Dada, samahani kukusumbua. Kile kiti mlicholeta stoo. Mke wangu amekimbilia kwa jirani. Kuna mtu humo, sauti ya mzee, analia. Anasema, 'Sekunde, nigeuze. Sekunde, nimechoka na ukuta.' Dada, Sekunde ndiye nani?"

Kabla hajajibu, harufu ya udongo ilimfikia shingoni. Hakusikia hatua. Mikono miwili iliyotulia ikapita juu ya bega lake, ikamtoa simu sikioni taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Usiogope, bwana," mzee alisema kwenye simu, kwa upole kabisa. "Ni mzee tu huyo. Kuhama kumemchanganya."