Miguu ya Baba Anjela

Kila asubuhi, Mafinga ikiwa bado ndani ya ukungu, Clement alivaa raba zake na kutoka kukimbia. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Daktari alimshauri afanye mazoezi kwa sababu ya presha. Lakini Clement alikuwa na sababu nyingine pia.

Ujanani alikuwa kibarua wa kupanda miti katika msitu wa Sao Hill. Yeye na wenzake walipanda mipaina kilima kizima, mvua ikiwanyeshea. Walikuwa wakiimba siku nzima. Sasa alisikia kwamba miti ile itakatwa mwaka huu. Alitaka kuiona kwanza.

"Twende na bodaboda," alisema mkewe, Severina.

"Hapana, Mama Anjela. Zamani nilikipanda kilima kile kwa miguu. Nitakipanda hivyo tena."

Jumatatu moja, akiwa anakimbia, alisikia maumivu makali kwenye shavu la mguu. Alirudi nyumbani akichechemea.

"Basi, nimezeeka," alisema kwa huzuni. "Miti itakatwa sijaiona."

Severina akamwita jirani yao, Paskalina. Kazi yake hospitalini ni kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo.

"Kamwene, baba," Paskalina alisalimia.

"Kamwene, mwanangu."

Paskalina aliukagua mguu. "Haujavimba, na unaweza kuukanyagia. Kama sivyo, tungekwenda hospitali sasa hivi. Upumzishe siku chache. Lakini niambie, kabla ya kukimbia huwa unafanya nini?"

"Nafungua mlango."

Severina akacheka. Paskalina naye akacheka.

"Na ukirudi?"

"Nakaa, nakunywa chai."

"Ndiyo maana, baba. Misuli ya baridi haitaki kushtuliwa. Anza kwa kutembea dakika kumi, mwili upate joto. Kisha kimbia. Ukimaliza, usikae. Nyoosha misuli ingali ya moto."

Siku chache baadaye maumivu yaliisha. Paskalina akarudi kumwonyesha. Clement aliweka mikono ukutani, akapeleka mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka.

"Sasa egemea mbele polepole. Unasikia unavutika?"

"Navutika."

"Kuvutika ni sawa. Ukisikia maumivu, legeza. Usirukeruke. Pumua, hesabu hadi thelathini, kisha badilisha mguu."

Kisha Clement alikaa kwenye benchi, akanyoosha mguu mmoja mbele, akainama taratibu kuelekea kwenye vidole. Hakuvifikia.

"Siku hizi vidole vyangu vimehamia mbali," alisema.

"Usivilazimishe. Fanya kila ukimaliza mazoezi. Mwili utazoea."

Wiki ya kwanza Clement alisahau mara mbili. Severina akaamua kufanya naye. Walisimama ukutani pamoja, wakihesabu kwa Kihehe. Baada ya miezi miwili, miguu haikukakamaa tena.

Jumamosi moja walikipanda kilima. Walikwenda polepole, wakipumzika njiani. Mipaina ilikuwa mirefu, imejipanga mistari. Clement alitembea katikati yake akitaja majina: "Huu mstari wa Filemoni. Huu wa Ezron, Mungu amrehemu."

Severina akasimama. "Hapa ndipo nilipokuletea uji siku ile. Ulikuwa umelowa chapachapa, unatetemeka, halafu ukaniambia husikii baridi."

"Nilikuwa naringa," Clement alisema.

"Nilijua."

Clement alimshika mkono, wakaendelea kupanda hadi juu.