Mgonjwa Aliyepona

Foleni ya duka la dawa mchana ule ilifika mlangoni. Fundi cherehani alikuwa wa mwisho, futi shingoni, chaki kwenye mfuko wa shati la bluu, mkono kifuani.

"Daktari, nipe vile vya kutafuna. Kiungulia kinaniua."

"Mimi si daktari, ni muuza dawa. Na hii ni mara ya tatu wiki hii. Unavuta sigara ngapi kwa siku?"

"Nani kasema navuta?"

"Shati lako limesema tangu uko mlangoni."

Watu wakacheka. Muuza dawa yeye wala. Tangu mchumba wake aoe mwingine, mwaka uliopita, moyo ulikuwa umekufa ganzi; alikula, akauza dawa, akalala, basi. Akamnyang'anya fundi pakiti ya sigara, akaifungia kwenye droo.

"Sigara inalegeza mlango wa tumbo, asidi inapanda. Acha. Kila jioni nipigie uniambie."

Akapiga kila jioni.

"Daktari wangu, leo sijavuta, ila nimetafuna penseli mbili."

"Kesho tafuna kitu cha maana."

Bila kutaka, muuza dawa akaanza kuitazama simu kabla haijalia. Kisha kiungulia kikaisha, na simu zikaisha nazo. Wiki mbili kimya. Akapiga mwenyewe.

"Bado kinachoma?"

"Hapana, nimepona kabisa. Asante sana, dada."

Dada! Juzi tu alikuwa akimwita daktari wangu. Jamani, wanaume hawa!

"Haya, vizuri," akasema, akakata. Hakulia. Alipanga dawa kwenye rafu, akafunga duka, akaenda kulala.

Ijumaa fundi akaingia, mkono kifuani. Alinuka moshi.

"Umerudia?"

"Tatu tu, tangu asubuhi. Kimenishika vibaya."

"Baada ya taabu yote ile! Huna akili?"

"Ninayo. Lakini mtu aliyepona anakuja duka la dawa kufanya nini? Niliacha kupiga nisikusumbue. Na ile dada... niliogopa kukuita ninavyotaka."

Muuza dawa akacheka, mwenyewe akashangaa. Mwaka mzima hakuwa amecheka kwa lolote. Akafungua droo, akaitoa ile pakiti, akailowesha kwenye sinki mpaka ikawa uji. Kisha akamsukumia kidonge kimoja.

"Tafuna. Kesho saa saba natoka kula. Unipitie."

"Na kama kiungulia kitakuwa kimeisha?"

"Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Njoo mzima."